Imani Haihitaji Polisi

Haya ni maneno niliyoyasema mkutanoni, nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Nimepunguza tu pale nilipojirudia kwa kusahau. Pale nilipojirudia kwa makusudi nimeacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja.

Nianze kwa kuwatoa hofu. Najua humu ndani wamo mapadri, wachungaji na mashehe. Najua pia wamo wasioamini chochote, na wengine wao wamekaa bega kwa bega na mama zao ambao bado hawajaambiwa. Tulieni, sitamtaja mtu. Sikuja kumwambia yeyote kwamba Mungu wake hayupo. Wala sikuja kumwambia asiyeamini kwamba amepotea. Kazi hiyo si yangu. Na ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba kazi hiyo si ya serikali pia.

Swali langu ni moja tu. Rungu kashika nani?

Mhubiri akikuhubiria, unaweza kumsikiliza, unaweza kusinzia, unaweza kuinuka ukaenda zako. Shehe akikushauri, utaufuata ushauri wake au utauacha, na hesabu yako utaitoa huko unakoamini kwamba hesabu hutolewa. Sheria je? Sheria huinuki ukaiacha. Nyuma ya kila sheria, hata ile ndogo kabisa, kuna faini. Nyuma ya faini kuna askari. Nyuma ya askari kuna jela. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Tuyaingize maadili ya dini yetu katika sheria za nchi," mimi namsikia akisema, "Tumtume askari akahubiri." Na askari akihubiri, ndugu zangu, nani humu ndani atainuka aende zake?

Watu wengi hudhani fikra hii ya kutenganisha dini na dola ililetwa na wasioamini, watu waliotaka kuwafungia waumini vinywa. Sivyo. Mmoja wa waliopigania jambo hili mapema kabisa alikuwa mchungaji, tena mchungaji mkali.

Aliitwa Roger Williams. Alikuwa miongoni mwa Wapuritani wa Uingereza, Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliovuka bahari kwenda Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika. Wapuritani hao walikimbia kuonewa: kwao walibanwa kwa sababu ya namna yao ya kuabudu. Walipofika wakafanya nini? Wakaweka sheria za kuwalazimisha watu kuhudhuria ibada. Walioonewa jana, leo wanaonea. Williams akawaambia wazi kwamba hakimu wa serikali hana mamlaka juu ya amri zile zinazohusu mtu na Mungu wake. Mahakama yao ikaamua afukuzwe, Oktoba 1635. Mwanzoni mwa 1636, katikati ya majira ya baridi kali, akatoroka akipita kwenye theluji. Waliompa hifadhi walikuwa wenyeji wa asili wa nchi ile, watu ambao hawakuwa Wakristo. Mwaka huohuo akaanzisha mji wa Providence, na waliojiunga nao walikubaliana kutii maamuzi ya wengi katika mambo ya kiraia tu. Ya kiraia tu! Mambo ya roho hayakuwa ya kupigiwa kura.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Wakati ule kulikuwa na kundi jipya la Wakristo, Waquaker, wale wanaojiita Marafiki. Boston, mji mkuu wa Massachusetts, iliwachukia. Ikawachapa viboko, ikawafukuza, na waliporudi ikawanyonga. Mwaka 1660 ikamnyonga mwanamke aitwaye Mary Dyer, kwa kosa la kurudi mjini na imani yake. Mnadhani Roger Williams aliwapenda Waquaker? Hakuwapenda hata kidogo! Mafundisho yao aliyaona kuwa upotofu mtupu. Lakini katika koloni lake, Rhode Island, lililoanzia Providence, hakuna aliyewagusa. Na mwaka 1672, akiwa mzee anayekaribia miaka 70, aliingia mashuani, akapiga kasia siku nzima na mifupa yake ya kizee, akafika Newport, mji mwingine wa koloni hilo, karibu usiku wa manane. Alikwenda kufanya nini? Kubishana na Waquaker! Walibishana kwa siku kadhaa.

Boston na Williams waliamini jambo lilelile, kwamba Waquaker wamekosea. Boston ilileta kitanzi. Williams alileta kasia na hoja. Mimi sidai zaidi ya hapo. Amini dini yako kwa nguvu zote, mwone jirani yako amepotea kabisa, kisha panda mashua ukabishane naye.

Williams mwenyewe alisema kwamba ibada ya kulazimishwa inanuka puani mwa Mungu. Angalieni aliyesema ni nani. Si mpinga dini. Ni mtu aliyeithamini imani kiasi kwamba hakutaka karani wa serikali aiguse.

Nije kwenye jambo la pili, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoteleza.

Mfikirieni msichana wa Iran aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1936. Januari ya mwaka ule mfalme, Reza Shah, alipiga marufuku hijabu. Alitaka nchi ionekane ya kisasa. Polisi wakapewa amri, na mitaani wakawavua wanawake mitandio kwa nguvu. Wapo wanawake waliojifungia majumbani kwa sababu kwao kutoka bila kujifunika kulikuwa sawa na kutoka uchi. Msichana wetu huyo, tuseme, alitaka kujifunika. Hakuulizwa.

Miaka ikapita. Mfalme yule akaondoka madarakani mwaka 1941, na amri ile ikalegezwa. Yakaja mapinduzi ya 1979. Machi mwaka ule, maelfu ya wanawake waliandamana Tehran kupinga kulazimishwa hijabu. Ikafika 1983, sheria ikasema mwanamke atakayeonekana hadharani bila hijabu anaweza kuchapwa hadi viboko 74. Msichana wetu sasa ni bibi wa miaka 63. Tuseme katika muda huo alikwishazoea kutembea kichwa wazi, au binti zake walizoea. Je, safari hii aliulizwa?

Mwanamke ni yuleyule. Kichwa ni kilekile. Mtaa ni uleule. Kilichobadilika ni amri aliyoshika askari. Na ilipofika Septemba 2022, Mahsa Amini, msichana wa miaka 22, alikamatwa na polisi wa maadili wa Tehran kwa madai kwamba hakujifunika sawasawa, akazimia akiwa mikononi mwao, akafia hospitalini, na nchi nzima ikawaka.

Wako watakaoniambia, "Umeona? Dini ndiyo tatizo." Hapana, ndugu yangu, hukunisikiliza. Yule wa 1936 hakufanya kwa jina la dini. Alifanya kwa jina la maendeleo. Na kama huyo hatoshi, nendeni Albania. Mwaka 1967 serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha, mtawala wa nchi hiyo, ilifunga misikiti yote na makanisa yote. Majengo yakageuzwa maghala na kumbi za michezo. Katiba ya 1976 ikaandika kwamba dola haitambui dini yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 padri mmoja aliuawa kwa sababu alimbatiza mtoto. Kubatiza! Maji kidogo kwenye paji la uso, kwa ombi la mzazi. Mimi ni mtu ninayetaka serikali isiyo na dini, na nawaambia bila kumung'unya maneno: serikali ya Hoxha haikuwa yangu. Serikali isiyo na dini haina uhusiano na serikali inayopiga vita dini. Ile ya kwanza inakuacha. Ile ya pili imejifanya dini yenyewe, na imeanza kuwawinda wazushi wake.

Kwa hiyo ukitaka kuipa serikali mamlaka juu ya imani, usijiulize, "Itafanya nini ikiwa mikononi mwa watu wangu?" Jiulize itafanya nini siku ikiwa mikononi mwa wasiokupenda. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mkuki unaouchonga leo kwa ajili ya jirani yako hautabaki na jina lako kwenye mpini.

Sasa najua kuna swali linawakereketa. Mtu ananiuliza: "Lakini kila sheria ina maadili ndani yake. Sheria inakataza kuua, na dini inakataza kuua. Je, tuiondoe?" Swali zuri. Jibu langu ni kuuliza swali jingine: nani ameumizwa? Ukiua, yupo maiti. Ukiiba, yupo aliyeibiwa. Ukibaka, ukitapeli, ukimchomea mtu nyumba, yupo mtu anayeweza kusimama mahakamani, au ndugu zake kwa niaba yake, akasema "mimi nimedhulumiwa." Sheria hiyo haihitaji kitabu kitakatifu ili isimame. Muumini na asiyeamini wote wanaihitaji. Lakini ipo sheria ya aina nyingine, ambayo ukiuliza nani ameumizwa, unajibiwa, "Mungu amechukizwa," au "Jamii imechafuka." Sheria hiyo ndiyo ninayoitilia shaka.

Tuchukue Ireland. Kuanzia 1935 sheria ya nchi ile ilipiga marufuku kuuza na kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Katiba ya 1937 ikapiga marufuku talaka. Kanisa Katoliki lilikuwa na haki kamili ya kuwafundisha waumini wake hayo yote. Lakini haikuwa fundisho tena. Ilikuwa sheria, kwa Mkatoliki, kwa Mprotestanti, kwa Myahudi na kwa asiyeamini. Mama mmoja mwenye watoto wanne, ambaye mimba nyingine ingehatarisha uhai wake, aliagiza dawa ya kuzuia mimba kutoka nje. Maofisa wa forodha wakaizuia. Fikirini jambo hili kwa utulivu. Mke na mume, chumbani mwao, wanajaribu kumnusuru mama asife, na mezani kwao yumo ofisa wa forodha! Ilibidi mama huyo afike Mahakama ya Juu, na mwaka 1973 mahakama ikampa haki.

Kabla ya hapo, Mei 1971, kundi la wanawake wa Dublin lilifanya kitu ambacho mpaka leo kinanichekesha. Walipanda treni mpaka Belfast, Ireland ya Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, mahali vitu hivyo viliuzwa. Wakafika duka la dawa, wakagundua kwamba vidonge vya kuzuia mimba haviuzwi bila cheti cha daktari. Wakafanya nini? Wakanunua aspirini! Wakarudi nazo Dublin, wakazipunga juu mbele ya maofisa wa forodha, wakazimeza hadharani. Maofisa wale hawakujua kidonge cha kuzuia mimba kinafananaje, na aibu iliwajaa, wakawaacha wapite. Sheria iliyosimamiwa na watu walioona haya hata kuitazama! Marufuku ya talaka ilikaa mpaka kura ya maoni ya 1995, iliyoshinda kwa tofauti ya kura takriban 9,000 nchi nzima. Je, Waireland wote waliacha imani siku iliyofuata? Asiyetaka talaka hakulazimishwa kuachika. Mkatoliki anayeamini kwamba ndoa ni mpaka kifo alibaki na ndoa yake, na sasa ni yake kweli, kwa sababu mlango upo wazi na yeye kachagua kubaki.

Marekani nayo nitaipitia haraka. Kuanzia 1920 mpaka 1933 pombe ilipigwa marufuku kwa katiba yenyewe, na waliosukuma kwa nguvu kubwa walikuwa watu wa makanisa. Walikuwa na sababu? Walikuwa nazo. Waliona ulevi ukivunja nyumba. Sina dharau nao. Lakini angalieni kilichofuata. Majambazi kama Al Capone wa Chicago wakatajirika. Serikali ikaagiza pombe ya viwandani iongezwe sumu ili watu wasiinywe, watu wakainywa, wakafa. Na kwa kuwa sheria iliruhusu divai ya ibada, ghafla divai ya ibada ikaanza kuhitajika kuliko kawaida, na wakazuka viongozi wa dini wa bandia waliokuwa na kiu isiyo ya kiroho. Mhubiri akimshawishi mlevi aache pombe, kamwokoa mtu. Akimtuma polisi, kamwongezea jambazi mteja.

Niseme kidogo kuhusu fedha, maana uhuru wa dhamiri unapita pia mfukoni.

Mwaka 1784, jimboni Virginia, hukohuko Marekani, ulitolewa mswada wa kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo. Ulionekana wa haki kabisa: kila mlipakodi angechagua mwenyewe fedha yake iende dhehebu gani. Nani angepinga jambo hilo? Walipinga Wabaptisti! Hao walikuwa wanakumbuka: miaka michache nyuma wahubiri wao walifungwa kwa kuhubiri bila leseni, wengine wakaendelea kuhubiri kupitia dirisha la gereza. Hawakutaka fedha ya mtawala. James Madison, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliandika hoja ya kuupinga mswada ule mwaka 1785, na kiini chake kilikuwa hiki: mamlaka inayoweza kukulazimisha utoe peni tatu tu kwa ajili ya dini, ndiyo hiyohiyo inayoweza kukulazimisha ufuate dini yoyote itakayotaka. Mswada ukafa. Januari 1786 Virginia ikapitisha sheria ya uhuru wa dini, iliyoandikwa na Thomas Jefferson, naye rais wa baadaye.

Na leo? Ujerumani, nchi yenye uhuru mwingi, bado ofisi ya kodi inayakusanyia makanisa kodi kutoka kwa waumini wao: asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato, kutegemea jimbo. Ukitaka kujitoa, huendi kwa padri. Unakwenda ofisi ya serikali, au mahakamani, kutoa tamko. Mwaka 2012 maaskofu Wakatoliki walitangaza kwamba anayejitoa kwa njia hiyo hapati tena sakramenti. Kanisa lina haki ya kuweka masharti yake. Hilo sibishani nalo. Ninalouliza ni hili: ofisa wa kodi anafanya nini mlangoni mwa kanisa?

Jambo la mwisho ni hoja ya wingi. "Sisi ndio wengi, basi nchi ifuate dini yetu." Mimi naiheshimu kura. Kura inachagua rais, inachagua barabara ipite wapi. Lakini dhamiri yako haikuwahi kuwa mali ya umma, kwa hiyo haiwezi kupigiwa kura.

Marekani, mwaka 1940, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1 kwamba shule inaweza kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kuisalimu bendera, jambo ambalo wao waliliona ni ibada ya sanamu. Baada ya hukumu ile Mashahidi walipigwa na makundi ya watu katika miji mingi. Miaka mitatu tu baadaye, 1943, katikati ya vita vikuu, wakati uzalendo umepanda kuliko wakati wowote, mahakama ileile ikajigeuza, kura 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson akaandika kwamba hakuna ofisa, mkubwa kwa mdogo, mwenye uwezo wa kuamua kipi kiwe imani sahihi katika siasa, utaifa au dini, wala kumlazimisha raia akikiri. Kesi ile ya dhehebu dogo lisilopendwa ndiyo inayomlinda leo Mmarekani asiyeamini Mungu. Ndivyo inavyokuwa: ngao ya mmoja hufunika wengi.

Msije mkasema nimewaonyesha mabaya tu. Waquaker walewale waliochapwa Boston walikuwa mstari wa mbele kupinga biashara ya utumwa. Dini imesukuma mambo makubwa. Lakini tofautisheni: kupinga utumwa ni kumwondolea mtu minyororo, na aliyeumizwa alikuwepo, anaonekana. Muumini akitoka na imani yake kwenda kudai mtu aachiwe huru, tuko pamoja. Akitoka nayo kwenda kudai mtu afungwe kwa dhambi isiyomdhuru mwingine, hapo tumeachana njia.

Na kabla mwenyekiti hajanikata, niwaachie lile ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza. Mashahidi wa Yehova haohao hukataa kuongezewa damu. Mtu mzima akikataa, nasema mwacheni, hata kama atakufa. Mwili ni wake na imani ni yake. Lakini mtoto wa miaka mitano? Yeye hakuchagua imani wala hakuchagua wazazi, na anaweza kufa kabla hajapata nafasi ya kuchagua. Hapo mahakama za nchi nyingi huamuru mtoto aongezewe damu, na mimi nakubaliana nazo. Lakini nikishakubali hilo, naulizwa: na wa miaka 16 anayekataa kwa kinywa chake mwenyewe, akijua anachosema? Na mzazi anayemtoa mtoto shule kwa sababu ya dini? Serikali iingie mpaka chumba cha ngapi? Nina maoni, ila ningependa kusikia yenu kwanza. Kipaza sauti kile pale. Naona mama wa safu ya pili ameinua mkono tangu nilipotaja Ireland. Tuanze na yeye.